Ufundi Uko Kwenye Kufunga

Bunduki ya upepo husifiwa kwa namna inavyofunguka. Mwindaji wa Texas anayenunua bunduki yenye mtutu mpana huuliza kwanza risasi itatoka na nguvu kiasi gani, na kama itamwangusha nguruwe mwitu kwa pigo moja. Majibu yote yamo katika kitambo cha sehemu chache za elfu za sekunde, pale vali inapofunguka na hewa iliyobanwa kuisukuma risasi. Fundi anayeletewa bunduki hiyohiyo ikiwa mbovu ana swali lake jingine: ikishafunguka, inafungaje? Matatizo mengi yanayofika mezani kwake ni ya vali iliyoshindwa kufunga, na ukiifuatilia kazi yake kwa utulivu utakuta ustadi wa chombo kizima umekaa hapo.

Nazungumzia bunduki zinazobeba hewa yao katika bomba au mtungi mdogo, zikijazwa kwa pampu ya mkono au kutoka mitungi kama ile ya wapiga mbizi. Hewa hujazwa hadi bar 200, na siku hizi hata 300. Ndani, mwishoni mwa bomba, kuna kichwa kidogo cha plastiki ngumu kilichofungwa kwenye kijiti cha chuma. Kichwa hicho hukalia ukingo wa tundu la kutolea hewa, na ukingo huo ndio siti ya vali. Kinachokigandamiza hasa ni hewa yenyewe. Springi iliyo nyuma yake hukishikilia bunduki ikiwa tupu na kusaidia kukirudisha baada ya kila mlio. Ncha ya kijiti hutokeza upande wa pili, ikiingoja nyundo. Kifyatulio kikivutwa, nyundo huchupa na kuigonga ncha, kichwa huinuka milimita moja, mbili au tatu, hewa hupita hadi nyuma ya risasi, kisha kichwa hurudi mahali pake.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kwa presha ya bar 200, kila milimita moja ya mraba hubeba mzigo wa kilo mbili hivi. Siti yenye kipenyo cha milimita 10 ina eneo la milimita za mraba 78, kwa hiyo kichwa cha vali kimekaliwa na mzigo wa kilo 160, zaidi ya mifuko mitatu ya saruji, usiku na mchana, maadamu bunduki imejazwa. Panua siti hiyo kwa milimita mbili tu, ili hewa nyingi zaidi ipite, na mzigo unaruka hadi kilo 230. Sasa nyundo lazima iwe nzito zaidi na springi yake kali zaidi. Kijiti kinapokea kipigo kikubwa zaidi, na kichwa kinaporudi kinaipiga siti kwa kishindo zaidi. Uingereza, bunduki ya upepo isiyohitaji kibali maalumu haivuki jouli 16 hivi, na vali yake ndogo huweza kudumu miaka bila kuguswa. Bunduki za mtutu mpana zinazotumika kuwindia Marekani huweza kupita jouli 600. Anayetaka nguvu anaweza kuipata kwa kuongeza ukubwa wa kila kitu. Deni la ukubwa huo hulipwa na ukingo ule mwembamba.

Tatizo lenyewe ni la kale. Karibu na mwaka 1780 jeshi la Austria liliwapa baadhi ya askari wake bunduki iliyobuniwa na Bartolomeo Girandoni, fundi mzaliwa wa Cortina d'Ampezzo, katika Tyrol ya wakati ule. Kitako chake cha chuma ndicho kilichokuwa mtungi wa hewa, na kukijaza kulihitaji kusukuma pampu takriban mara 1,500. Ubavuni mwa mtutu kulikuwa na bomba lililobeba risasi zipatazo 20, hata askari akaweza kupiga mfululizo wakati mwenye bunduki ya baruti bado anashindilia. Viungo vya mtungi vilizibwa kwa ngozi, na ngozi hiyo ilibidi itunzwe ikiwa na unyevu ili ivimbe na kujaza nafasi. Ikikauka hunywea, na hewa haihitaji kuonyeshwa njia. Miaka ya mwanzo ya karne ya 19 ilipopita, bunduki hiyo ilikuwa imeshaondolewa jeshini. Mojawapo ya sababu ni kwamba ilikuwa chombo laini, kilichotaka mafundi na mazoezi kuliko jeshi lilivyoweza kutoa.

Hata hivyo, mfano bora wa fundi wa bunduki za aina hii unatoka porini, mbali na ghala lolote la silaha. Kapteni Meriwether Lewis, aliyetumwa na Rais Thomas Jefferson kuvuka bara la Amerika Kaskazini pamoja na William Clark, aliondoka Pittsburgh mwishoni mwa Agosti 1803 akiwa na bunduki moja ya upepo, ambayo watafiti wengi leo wanaihesabu kuwa ya aina ya Girandoni. Njiani aliitumia sana kuwastaajabisha wenyeji wa nchi alizopita, kwa sababu ilipiga bila moshi wala baruti. Tarehe 10 Juni 1805, msafara ukiwa umepanda mto Missouri zaidi ya kilomita elfu tatu hadi penye makutano yake na mto Marias, Lewis aliandika katika shajara yake kwamba John Shields, mmoja wa askari wa msafara, ameweka springi kuu mpya katika bunduki hiyo. Papo hapo akamsifu: mtu huyu hakuwahi kukaa chini ya fundi yeyote kujifunza kazi rasmi, zana zake nyingi alizitengeneza mwenyewe, na alikuwa hodari wa mbao na wa chuma.

Sifa hiyo ni fupi, lakini anayejua vali ataisoma mara mbili. Springi kuu ndiyo inayotoa pigo la kufungua. Ikiwa legevu, vali haifunguki vya kutosha na risasi inatoka kinyonge. Ikiwa kali mno, hewa inamwagika bure na siti inaumia kila inapopigwa.  Kama Shields aliitengeneza springi hiyo mwenyewe, ilimpasa kukisia kwa jicho ukali wa chuma kilichopashwa moto na kupozwa kando ya mto. Miezi miwili baadaye Lewis alikuwa bado anaitumia bunduki hiyo, na ilipokosa shabaha tatizo lilikuwa kwenye vilengeo vilivyosogea.

Fundi wa leo ana maikromita, ana mashine ya kerezo, na ana duka la vipuri katika simu. Bado kazi yake huanza bila chombo chochote. Bunduki ikiletwa kwa ubovu wa kuvuja, fundi mwema haifungui. Huuliza inavuja kwa muda gani: dakika tano, saa nzima, au usiku kucha? Huuliza ilijazwa kwa chombo gani, na kama mwenyewe aliwahi kutia mafuta. Kisha huijaza hewa kidogo na kuisikiliza. Hewa ikitokea mtutuni, lawama ni ya vali ya kufyatulia. Ikitokea kwenye chuchu ya kujazia, ni ile vali ndogo ya kuzuia hewa isirudi. Ikitoka katika kitundu kilichotobolewa ubavuni, basi ni regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya hewa inayoifikia vali, maana kitundu hicho kimewekwa hapo makusudi ili regyuleta ikivuja ijitangaze. Kwenye viungo hupaka maji ya sabuni na kungoja povu. Nimewaona mafundi wakikaa wakitazama tone moja la sabuni kwa muda ambao mtu mwingine angekwisha kufungua bunduki nzima na kubadili kila sili iliyomo. Huyo wa pili pengine angeizuia bunduki isivuje. Lakini hangejua ilikuwa inavuja kwa nini, na baada ya mwezi mmoja ingerudi.

Baada ya hapo hewa yote hutolewa, na hapo hakuna mzaha. Kizibo kikifunguliwa bomba likiwa na presha hutoka kama risasi yenyewe. Geji kusoma sifuri hakumtoshi fundi, kwa sababu geji nayo hufa. Humwaga hewa, hufyatua bunduki tupu kuelekea mahali salama, husikiliza tena, ndipo ashike spana.

Kichwa cha vali kikitolewa huwekwa chini ya lenzi, na hapo ndipo kipande kilichoharibika kinapogeuka kuwa shahidi. Siti huacha alama ya duara kwenye plastiki. Duara jembamba, sawa pande zote, lisilokatika, ni la vali yenye afya. Mkwaruzo unaolikata duara kuvuka upande wa pili unataja uchafu: chembe ya chuma iliyoingia na hewa, au kutu iliyobanduka ndani ya bomba kwa sababu pampu ya mkono ilisukuma hewa yenye unyevu. Duara lililozama upande mmoja na kugusa kidogo upande wa pili linasema kijiti kimepinda, au tundu linalokiongoza limelika. Duara lililozama kote kama mfereji linasema plastiki ni laini kuliko presha iliyowekewa. Ukingo uliomeguka unasema nyundo ni kali mno, au bunduki ilifyatuliwa mara nyingi ikiwa karibu na tupu, wakati hakuna hewa ya kutosha kuizuia nyundo isiende hadi mwisho.

Upande wa siti jicho halitoshi. Mkwaruzo mwembamba kuliko unywele huweza kupitisha hewa yote ya bunduki kwa usiku mmoja, kwa hiyo fundi hupitisha ukucha polepole kuzunguka ukingo, akitafuta mahali unaponasa. Arthur Conan Doyle, katika hadithi ya 1903 inayomrudisha Sherlock Holmes, alisema bunduki ya upepo ya adui wake ilitengenezwa na fundi kipofu wa Kijerumani aitwaye von Herder. Msomaji wa kawaida huiona kama kikorombwezo cha mtunzi. Aliyewahi kuitafuta kasoro ya siti kwa ukucha hataona ajabu yoyote.

Kisha huja uamuzi wa plastiki ya kichwa kipya. Delrin hukerezeka vizuri, na kwa kuwa ina ulaini kidogo hujifinyanga upesi kwenye siti na kuziba. Lakini chini ya presha kubwa, kwa miezi, huanza kusukumwa polepole kuingia tunduni. PEEK ni ngumu zaidi na huvumilia vipigo na presha ya juu, ila haisamehi: siti ikiwa na dosari, kichwa hicho hakitaificha. Fundi mchanga hupenda jibu moja la kudumu, aseme PEEK ndiyo bora basi. Aliyekomaa huangalia siti aliyo nayo, presha ya mteja wake, na matumizi yenyewe, ndipo achague.

Hapo pia ndipo mkono mzito unapoharibu. Fundi wa injini amezoea kusaga vali na siti pamoja kwa unga wa kusagia mpaka nyuso mbili za chuma zilingane. Akileta desturi hiyo huku ataumia, kwa sababu mbili. Chembe za unga hukwama ndani ya plastiki na kuendelea kusaga baada ya kazi kwisha. Na kila anapozidi kusaga, ukingo wa siti hupanuka. Mzigo uleule wa kilo 160 sasa unatandazwa juu ya eneo kubwa, na kila sehemu ya duara inagandamizwa kidogo kuliko mwanzo. Siti inayong'aa na kupendeza huweza kuvuja kuliko iliyokuwa na ukingo mwembamba wenye mikwaruzo miwili. Kwa hiyo mafundi wazuri huigusa siti kwa uchache: hung'arisha kidogo, husafisha sana, na kama kasoro ni kubwa huikereza upya kwenye mashine, wakipunguza chuma kwa kiasi cha sehemu za mia za milimita.

Kijiti nacho kina maradhi yake. Ncha inayopokea nyundo hutanuka kidogo kila inapopigwa. Siku moja sehemu hiyo iliyotanuka hukwama kwenye tundu la kiongozi, kichwa kinashindwa kurudi, na hewa yote iliyobaki inatoka kwa mngurumo mmoja. Wengi hubadili kichwa cha vali baada ya kioja hicho, ilhali kichwa hakina kosa. Tiba ni kuisawazisha ncha kwa tupa laini, kuweka kijiti kipya ikiwa chuma cha kile cha zamani ni laini mno, kisha kuipima nyundo yenyewe: kwa nini inapiga kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika? Mara nyingi mwenye bunduki alibadili springi akitafuta kasi, akapata mita chache kwa sekunde na kuzilipia kwa vali.

Oringi, ile pete ya mpira inayoziba viungo, ni mada inayostahili heshima yake. Niels Christensen, Mdenmaki aliyehamia Marekani, aliiombea hataza mwaka 1937, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Uzuri wake ni kwamba presha inayotaka kuipita ndiyo inayoisukuma kuziba zaidi, mradi mfereji wake una vipimo sahihi. Mfereji ukiwa na kina kupita kiasi, oringi haigusi. Nafasi kati ya vipande viwili ikiwa pana, mpira husukumwa humo na kung'atwa, na fundi atauona umemeguka upande mmoja tu, ule uliokuwa mbali na hewa. Kuna ubovu mwingine unaowashangaza wageni. Hewa yenye presha kubwa hupenya taratibu ndani ya mpira wenyewe. Mwenye bunduki akiimwaga yote kwa ghafla, hewa iliyonaswa hutanuka ndani ya mpira kabla ya kupata njia ya kutoka, na oringi hutoka ikiwa na malengelenge na mipasuko. Aliyetengeneza bunduki hakukosea, wala mpira haukuwa mbovu. Mkono uliomwaga hewa ulikuwa na haraka.

Haraka pia ndiyo iliyomo katika swali la mafuta. Hewa ikibanwa upesi hupata joto, na mafuta ya kawaida ya mashine yakikutana na hewa hiyo huweza kulipuka ndani ya bomba. Ndiyo maana grisi ya silikoni hutumika kwenye sili hizi, na ndiyo maana fundi huuliza mapema nani alitia nini.

Wakati mwingine kinacholetwa kama ugonjwa si ugonjwa. Bunduki isiyo na regyuleta ikijazwa kupita kiwango chake hupiga kwa unyonge, kwa sababu presha imekibana kichwa hata nyundo haiwezi kukiinua ipasavyo. Mwenyewe huona risasi zikianguka karibu, akadhani hewa imepungua, akaongeza nyingine, na hali ikazidi. Dawa ni kuipunguza hewa mpaka ilingane na nyundo. Yenye regyuleta ina dalili yake ya taratibu zaidi: siti ya regyuleta ikilika, presha iliyo nyuma ya vali hupanda polepole wakati bunduki imelala, na risasi ya kwanza ya asubuhi haifanani na zinazofuata. Fundi anayeambiwa "ya kwanza tu ndiyo inayopotea" hana haja ya kusikia zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi huu una ndugu mpole zaidi. Madaktari wa wanyamapori wa Kenya na Tanzania hutumia bunduki zinazosukumwa na gesi kurusha sindano za usingizi kwa faru, tembo au simba aliyenaswa na kitanzi. Presha yake ni ndogo sana ukilinganisha na tulizozitaja, lakini vali yake inadaiwa ukweli uleule. Ikivuja kidogo, sindano inaanguka kabla ya kumfikia mnyama na dawa ya gharama inapotea majanini. Ikipitisha gesi kupita kiasi, sindano iliyokusudiwa kuokoa inajeruhi. Hapo hakuna anayesifu nguvu. Kinachotakiwa ni kwamba pigo la leo lifanane na la jana, na kufanana huko ni kazi ya vali inayofunga vilevile kila mara.

Matengenezo yakimalizika, hubaki jaribio ambalo halina cha kutazama. Fundi hujaza bunduki taratibu, huandika presha na saa, na kuiweka. Hata hapa kuna mtego. Hewa iliyojazwa ikiwa na joto la nyuzi 35 kwa bar 200 itasoma takriban 190 itakapopoa hadi nyuzi 20, bila hata chembe moja kutoka. Asiyejua ataona bar 10 zimepotea, atafungua tena vali iliyokuwa nzima, na mikono yake ndiyo itakayoleta uchafu wa kuivujisha. Anayejua huandika presha ya pili baada ya bunduki kupoa, na hesabu yake huanzia hapo. Ikikaa hivyo usiku mzima na mchana wake, kazi imekubalika.

Kisha humwita mwenyewe na kumweleza chanzo: unyevu wa pampu, au springi aliyoizidisha, au desturi ya kuimwaga hewa kwa ghafla. Humshauri aiache bunduki na hewa kiasi hata isipotumika, ili kichwa kikae kwenye siti na vumbi lisipate mwanya. Wateja wengine hulalamikia malipo, wakikionyesha kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mahindi. Bei ya kipande ni ndogo kweli. Lakini yeyote anaweza kuongeza uzito wa nyundo na kupata nguvu kwa mchana mmoja, na nguvu hiyo ikaharibu vali kwa msimu mmoja. Kuifanya ifunge baada ya mlio wa elfu moja kama ilivyofunga baada ya wa kwanza kunahitaji mtu aliyejua kwa nini ilishindwa, na maarifa hayo hayauzwi pamoja na vipuri.